Sabuni za Safari

Ukitaka kuwachukia wasafiri, tandua vitanda vyao. Usiwatazame wakiteremka garini na miwani ya jua, usiwasikilize wakisema, "Jamani, nimechoka, njia ilikuwa ndefu." Waache waingie, walale, waondoke. Kisha ingia chumbani na ndoo yako.

Ndivyo alivyowajua Dada Usafi. Jina alilopewa na wazazi halikuvuka kizingiti cha ile gesti. Siku ya kwanza tu mwenye gesti, mama mmoja mnene ambaye kila mtu alimwita Tajiri, alimkabidhi fagio, ndoo na tambara la deki, akamwambia, "Hapa wewe ni Dada Usafi," na likawa limekwisha. Alikuwa mwembamba, mama wa mtoto anayenyonya, aliyemaliza darasa la saba kimyakimya na kukaa nyumbani kimyakimya. Kusema, hakusema sana. Kuona, aliona.

Baba wa mtoto wake naye alikuwa msafiri. Alikwenda kutafuta maisha, akayapata hukohuko, akayaoa.

Gesti yenyewe ilikuwa korido moja nyembamba yenye vyumba huku na huku, choo mwishoni, na bati la bluu juu lililoonekana kutoka mbali kuliko lilivyostahili. Ndani kulinuka dawa ya mbu iliyokuwa ikipigana na harufu ya choo tangu jengo lijengwe, na mpaka leo hakuna aliyeshinda.

Zamani, shuleni, Dada Usafi aliamini watu husafiri kwenda kuona. Mwalimu alisema hivyo, naye akaandika hivyo: milima, maziwa, majengo marefu, jamaa wa mbali. Sasa aliwaona wasafiri wasiofungua hata dirisha. Yule mzee wa tai aliyemwamkia kwa upole, "Hujambo, binti," alipangusia kamasi kwenye pazia. Mama aliyenukia waridi kutoka chumbani hadi mapokezi aliacha nepi iliyojaa chini ya mto. Chini ya mto! Kama anayeficha dhahabu. Na wale waliokuja kwenye semina ya maadili waliondoka na balbu.

"Watu hawa kwao ni watu wazima," alimwambia Kaka Funguo, karani wa mapokezi, mwanamume mwenye kitambi aliyekaa siku nzima chini ya ubao wa funguo. "Kwao wanachapa watoto wakimwaga uji."

"Ndiyo maana wanasafiri," Kaka Funguo alijibu bila kuinua macho kwenye simu. "Wewe ungekuwa umevaa heshima mwaka mzima, inakubana kwapa, usingetafuta mahali pa kuivulia?"

"Wanaivulia kwenye shuka zangu."

"Basi shukuru hawakuivaa. Wakiivaa, mimi na wewe tutakula wapi?"

Dada Usafi alicheka. Lakini neno lile lilimbakia, maana na yeye alikuwa na lake. Kila alipomaliza kutandika, kabla ya kutoka, alijilaza juu ya shuka safi, chali, mikono pembeni, akatazama dari isiyo yake. Hapo hakuwa mama wa mtu wala mdogo wa mtu. Maziwa yalimjaa kifuani, yakamkumbusha mtoto, naye akayaambia yasubiri kidogo. Kisha aliinuka, akalainisha shuka kwa kiganja kama aliyefuta alama za mwizi.

Wageni wote hao, hata wa nepi, walikuwa malaika mbele ya mgeni wa namba saba.

Huyo hakuwahi kumwona. Aliingia alasiri, Dada Usafi akishaondoka. Alijifungia, akaagiza chakula kupitia kwa Kaka Funguo, akakataa chumba kusafishwa mpaka atakapotoka. "Anasema anapumzika," Kaka Funguo alieleza. Na alipokwisha kupumzika, oo! Mifupa ya kuku nyuma ya kitanda, imetafunwa, imenyonywa, imetupwa ukutani na kuacha michirizi ya mafuta. Kucha za miguu, za njano, nene kama magamba, ndani ya kisahani cha sabuni. Taulo limefutiwa viatu. Na chupa. Choo kilikuwa hatua chache tu kwenye korido, lakini bwana yule alijaza chupa, akaifunga kizibo kwa uangalifu, akaipanga dirishani jua liipashe joto.

Dada Usafi alishika chupa ile kwa vidole viwili. Alimpa mgeni yule jina: Mzoga. Alipomaliza chumba chake hakujilaza. Kitanda kile, hata ukibadilisha shuka, kilikuwa kama mdomo wa mtu aliyelala.

Jambo moja zaidi la pale gesti, maana ndilo lililoleta mengine. Tajiri hakununua vile visabuni vidogo vya hotelini. Alinunua mche mrefu wa sabuni ya kufulia, Dada Usafi akaukata vipande kwa uzi wa kushonea, akavifunga kwa karatasi nyeupe, pembe zikikunjwa ndani mara mbili kama bahasha. Karatasi zilipokwisha, Tajiri alikataa kununua nyingine. "Kalenda ya mwaka jana iko pale ukutani inafanya nini?" aliuliza. Ilikuwa kalenda ya duka la matairi. Basi Dada Usafi aliishusha, akaikata, akafunga sabuni kwa tarehe. Kipande kimoja Jumatatu, kingine nusu ya Alhamisi na gurudumu.

*

Dada yake mkubwa aliishi jirani tu, nyumba ya mgongoni kwa gesti, juu kidogo mlimani. Ukisimama kwenye ngazi ya mlango wake uliona bati la bluu. Kila asubuhi Dada Usafi alipita kumwachia mtoto, na kila asubuhi alimkuta Dada amekwishachota maji, amekwishafua, anapumua kwa mdomo. Tumbo lilikuwa limeshuka. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba kama maandazi.

"Dada, nimwache mtoto kwa mtu mwingine. Wewe mwenyewe unajibeba kwa shida."

"Niachie. Akilia ananipa kazi, nisipokuwa na kazi nawaza."

Alichowaza kilijulikana. Mumewe alikuwa mtunza ghala, na mtaani aliitwa Bwana Safari, kwa sababu kampuni ilimtuma kila mara kwenda kukagua maghala ya mbali. Mtoto wa kwanza alizaliwa baba yuko safarini. Wa pili alizaliwa baba yuko safarini, na huyo alikuja vibaya: Dada alipoteza damu nyingi, majirani wakamkimbiza zahanati juu ya mkokoteni wa muuza maji, miguu ikining'inia nyuma, na binti yake mkubwa akikimbia pembeni ameshika kanga ya mama isifunuke. Sasa wa tatu alikuwa njiani. Dada aliomba jambo moja tu.

"Safari hii awepo. Sitaki zawadi wala nini. Awepo tu, kama ni kufa, nife namwona."

"Mwambie."

"Nimemwambia. Anasema kazi haimwulizi mtu tumbo la mkewe."

Siku ile Shemeji alikuwa amerudi jioni iliyotangulia, na nyumba ilikuwa bado na joto la mapokezi. Dada Usafi aliyajua mapokezi yale. Begi likionekana kona, watoto walilipuka, "Baba karudi! Baba karudi!" Kiti chenye mto kilitolewa. Maji ya kuoga yalichemshwa. Redio ilizimwa ili baba asimulie: madaraja yaliyozolewa na mafuriko, miji isiyolala, mizani, milima yenye ukungu. Kwa siku mbili hakuna aliyempandishia sauti. Siku ya tatu aliombwa azibe bati linalovuja, na uso wake ukaanza kutazama begi.

"Njoo uone alichotuletea safari hii," Dada alisema. Alifungua kabati la vioo, pale penye glasi za wageni. Kwenye kisahani zilikuwa zimepangwa sabuni ndogo. "Za hoteli kubwa hizo. Nimewakataza watoto wasiziguse. Na ona, kumbe huko wanafunga kwa karatasi yenye tarehe! Shemeji yako anasema ni ili mgeni ajue siku aliyolala."

Dada Usafi alinyoosha mkono. Alhamisi, na gurudumu la tairi. Pembe zimekunjwa ndani mara mbili kama bahasha.

"Ni nzuri, eti?"

"Nzuri," alisema. Aliipeleka puani ili apate sababu ya kuficha uso, na sabuni ilinuka mche wa kufulia, na nyuma ya harufu ile alisikia mifupa, kucha, chupa iliyopashwa joto na jua. Alimwona Shemeji akipita uani, amevaa singlendi, anajichokoa meno, na macho yakamshuka yenyewe hadi miguuni kwake. Kucha zilikuwa fupi, safi, zimekatwa juzijuzi.

Akajiokoa kwa kumpa Dada mtoto na kuondoka.

Hakusema. Angesema nini? "Dada, mumeo anasafiri mpaka nyuma ya nyumba yako"? Tumbo limeshuka, damu ya mara ya pili bado haijasahaulika, halafu ampe na hilo? Alijiambia: azae kwanza. Awepo, azae, halafu nitajua cha kufanya. Labda safari hii atabaki.

Kabla ya juma kuisha, Shemeji alifunga tena begi. Binti mkubwa ndiye aliyempangia, maana alipenda kujiona mkubwa: mashati, wembe, kandambili za bluu zilizokatika mkanda, ambazo Dada alikuwa amezishona kwa uzi mwekundu.

"Baba Watoto," Dada alisema akiwa ameshika fremu ya mlango, "ni leo au kesho. Naisikia."

"Wanawake wote wanazaa," alisema, bila ukali. Alimpigapiga begani kama anayetuliza ng'ombe. "Nitakuletea zawadi."

*

Asubuhi iliyofuata, mlangoni kwa namba saba palikuwa na kandambili za bluu zenye uzi mwekundu.

Dada Usafi aliweka ndoo chini. Yeye mwenyewe alikuwa na kawaida ya kuvua zake mlangoni kila alipoingia kupiga deki, asichafue alipokwishapangusa. Nazo zilikuwa za bluu vilevile, za duka lilelile ambalo mtaa mzima ulinunua. Akazivua pembeni ya zile. Akagonga.

"Usafi!"

"Kesho, kesho," ilisema sauti ya ndani. "Napumzika."

"Shemeji, fungua."

Kitanda kililia. Kisha kitasa kilizunguka polepole, kama kinachoomba radhi.

Alikuwa amevaa kaptura tu. Tumbo lilikuwa na alama za mikunjo ya shuka. Ndani, dirisha lilikuwa limefungwa, na hewa ilikuwa nene, ya jasho, mafuta ya kuku na mtu aliyejamba bila kuogopa mtu. Mifupa ilikuwa tayari iko pale ukutani.

"Sijui umesikia nini," alianza, "lakini hapa hakuna mwanamke. Angalia. Angalia hata chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda napajua. Mimi ndiye ninayepasafisha."

Hilo halikuwa limemfikia; alijua shemejiye anafanya usafi mahali, hakuwahi kuuliza ni wapi. Aliangalia tambara la deki mkononi mwa Dada Usafi, akaangalia chupa dirishani, akajaribu kusimama kati yake na chupa.

"Heri angekuwepo mwanamke," Dada Usafi alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza. "Mwanamke ningemwelewa. Unafanya nini humu?"

"Nalala."

"Kwako hakuna kitanda?"

Shemeji aliketi. Na kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia, alianza kusema, na alivyosema ilionekana maneno yalikuwa yamemkaa miaka mingi, yameoza kidogo.

"Kwangu nikifungua mlango, kila kitu kinaniita. Bati linaniita, mtoto ananiita, mtungi wa maji unaniita. Hapa nikifungua mlango, chumba hakinijui. Mara ya kwanza walinituma kweli, unasikia? Kweli kabisa. Nikalala kwenye chumba kama hiki, nikaona, lo, kumbe mtu anaweza kuwepo bila kutakiwa. Na niliporudi walinipokea! Mwanangu hajawahi kunikimbilia hivyo nikitoka kazini. Mtu asiyeondoka hapokelewi, shemeji. Anakuwepo tu, kama stuli. Kampuni iliacha kunituma. Mimi sikuweza kuacha."

"Na likizo zako zote unazilia hapa."

"Nalipa. Simwibii mtu."

"Dada yangu alikuwa juu ya mkokoteni. Wewe ulikuwa hapa?"

Alikwaruza godoro kwa ukucha. "Nyingine. Ile ya karibu na stendi." Kisha akakunja uso, kwa dhati kabisa, kama mtu aliyepewa maziwa yaliyolala. "Mimi siwezi yale mambo. Ile damu, ile harufu. Makelele. Naona kinyaa, nitafanyaje, ndivyo nilivyoumbwa."

Dada Usafi alitazama ule mfupa ulioganda ukutani. "Unaona kinyaa," alisema. "Wewe."

"Usinihukumu sana," alisema, na sasa akawa na kitabasamu kidogo cha mtu anayetafuta mwenzake kwenye tope. "Wewe unatandika humu kila siku. Usiniambie hujawahi kujilaza kidogo, ukafumba macho, ukajifanya huna mtoto."

Hakuwahi kumwambia mtu. Ule utamu wake mdogo, ule wa dari isiyo yake, ulikuwa umeshikwa na mikono ile yenye mafuta, na aliona kuwa hataweza tena kuufurahia bila kumwona yeye amelala pembeni. Hilo lilimtia kichefuchefu kuliko chupa.

Ndipo simu ilipolia kwenye mfuko wa aproni. Alikuwa jirani wa Dada, mkunga mstaafu, mama mkavu asiyemaliza sentensi. "Njoo. Dada yako. Zahanati hatufiki, huyu mtoto ana haraka. Njoo na moyo."

Dada Usafi alikata simu. "Umesikia. Vaa shati."

Shemeji aliinuka, akachukua shati, mkono mmoja ukaingia. Halafu akasimama hivyo, shati likining'inia.

"Siwezi," alisema.

"Huwezi nini?"

"Niko safarini. Nikitokea sasa hivi nitasema nimetoka wapi? Basi la huko linafika jioni." Alisema kwa busara, kama mtu anayepanga ratiba ya mizigo. "Wewe tangulia. Nitakuja jioni, na basi. Na ukiweza, mwambie Kaka Funguo aniletee maji ya kunywa."

Dada Usafi aligeuka, akatumbukiza miguu kwenye kandambili mlangoni, akakimbia. Zilimpwaya njia nzima, zikampiga visigino. Alidhani ni haraka.

*

Mtoto alikuwa na haraka kweli. Mkunga alikuwa amefunga kitambaa kichwani na kutandika nailoni juu ya godoro. Kando alilazwa mtoto wa Dada Usafi, amefumbata kijiko, anashangaa. Dada alikuwa amemng'ang'ania mkunga mkono hadi kucha zimezama.

"Amepigiwa?" ndilo neno la kwanza aliloliuliza. "Mdogo wangu, mmempigia?"

"Anajua."

"Anakuja?"

"Anakuja jioni. Sukuma, Dada."

Damu ilikuwepo, na harufu ilikuwepo, na makelele. Dada Usafi alishika alichoambiwa ashike, akapangusa alichoambiwa apanguse. Hakuona kinyaa hata kidogo. Alishangaa kidogo kwa hilo: kwamba kinyaa chote alichokuwa nacho duniani kilikuwa kimebaki namba saba, kimelala chali, kinasubiri basi.

Mtoto alitoka, msichana, mweusi wa zambarau, akanyamaza kwa muda uliowazeesha wote, kisha akapiga ukelele wa kudai. Mkunga alimgeuza huku na huku kama anayekagua nyanya. "Ana mapafu. Na ana hasira. Ataishi." Dada alilia bila sauti. Safari hii damu ilikatika yenyewe.

Jioni, mzazi amepanguswa, nyumba imefagiliwa, nguo na mashuka ya uzazi yamelowekwa kwenye beseni kubwa uani, begi lilionekana kona.

"Baba karudi! Baba karudi!"

Alikuja akichechemea kidogo. Viatu vyake vya ngozi vilikuwa na vumbi, na Dada Usafi, aliyesimama mlangoni na kichanga mikononi, aliona kuwa vumbi lile halikurushwa na njia. Lilipakwa. Lilikuwa na alama za vidole. Kaka Funguo alikuwa na dumu la udongo wa maua nje ya gesti, mwekundu vilevile.

"Nilipopata habari sikungoja ruhusa," Shemeji alisema, akihema. "Niliacha kila kitu. Njia nzima nimesimama."

"Mume ndiye huyu!" mkunga alisema, naye si mtu wa sifa. "Pole na safari, baba. Pole sana. Watoto, kiti!"

Ndani, kupitia mlango wa chumba uliokuwa wazi, Dada alijiinua kwenye mito. Uso wake uliokuwa na chumvi ya jasho ulikuwa umewaka kama taa iliyopanguswa kioo. "Umekuja," alisema. "Umeacha kazi ukaja."

Dada Usafi aliutazama uso ule akaamua. Kumbe ataumeza ukweli. Atameza mifupa, kucha, chupa, vumbi la udongo wa maua, yote, akae nayo tumboni, mradi uso ule usizimike leo. Akamkabidhi Shemeji mtoto. Aliona vidole vyake vikijikunja, visimguse mtoto pale palipokuwa bado na ute.

"Mama mdogo," alisema binti mkubwa, ambaye alikuwa ameinama kupanga viatu mlangoni, "mbona umekuja na kandambili za Baba?"

Akazinyanyua juu.

"Hizi hapa. Za uzi mwekundu. Mimi ndiye niliyezitia kwenye begi jana." Mtoto aligeuka kwa baba yake, akiwa hana ubaya wowote. "Baba, si ulikwenda nazo?"

Mkunga alikoma kukunja kitenge. Dada alitazama kandambili mkononi mwa binti, ule uzi alioushona mwenyewe akiwa na tumbo, sindano ikimchoma kwa sababu mpira ulikuwa mgumu. Kisha akamtazama mdogo wake.

"Umezitoa wapi?"

Uongo ulikuwepo, wa aina mbili tatu. Dada Usafi aliutafuta mmoja wa kuaminika, akakuta macho ya dada yake yamemngoja, mekundu, ya mtu aliyetoka kufanya kazi ya kweli.

"Gesti," alisema. "Mlangoni kwa namba saba. Nimezivaa kwa makosa, mliponiita."

"Leo."

"Leo asubuhi."

"Na zile sabuni?"

"Nazikata mimi, Dada. Kalenda ya duka la matairi."

Shemeji alisema haraka, "Mke wangu, ngoja nikueleze—"

"Usieleze," Dada alisema. Hakupaza sauti, hakuwa na ya kupaza. "Umechoka. Njia ilikuwa ndefu. Mtoto mrudishe kwa mama yake mdogo, utamdondosha." Alisubiri mpaka kichanga kikapita mikono mingine. "Watoto, huyu ni mgeni. Kile kiti chenye mto acheni, leteni stuli. Karibu, mgeni. Jisikie uko ugenini."

"Mke wangu, mbele ya watu..."

"Wamekupokea watu, waone na unavyokaa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Zako mbili umekwisha kuzila kule." Aliinua kidole kuelekea uani. "Jembe hatuna. Beseni lipo."

Shemeji alimtazama mkunga, na mkunga, mwanamke mzima aliyezalisha nusu ya mtaa, alinyanyua beseni kwa nguvu zake zote, akalisogeza hadi mbele ya stuli. Maji yalikuwa mekundu mazito, na mashuka yaliogelea ndani kama kitu kilicho hai. Binti mkubwa, aliyependa kusaidia, alikuwa tayari amefungua kabati la vioo.

"Atumie sabuni ipi, Mama?"

"Za safari. Zote."

Shemeji alikunja mikono ya shati. Alibandua karatasi ya Alhamisi, ikamnata kidoleni, akaipunga kama anayefukuza nzi. Alipozamisha mkono, shingo ilimruka, akageuza uso, akatapika kidogo pembeni, kimajimaji cha kuku.

"Sugua, baba," mkunga alisema. "Haiumi."

Dada Usafi hakufurahi. Alidhani angefurahi. Alisimama na kichanga kifuani, maziwa yakimlowesha blauzi kwa sababu ya mtoto asiye wake, akiitazama migongo ya mikono ile yenye manyoya ikikanda damu ya dada yake, na kichefuchefu kilikuwa palepale. Alijua kesho asubuhi ile chupa itakuwa bado dirishani, na hakuna mwingine wa kuitoa. Alijua pia hatajilaza tena juu ya kitanda cha chumba chochote, na hilo hakumsamehe.

Mtoto wa pili, mdogo, ambaye hakuwa ameelewa lolote, alichuchumaa karibu na beseni. Alipenda hadithi za barabara.

"Baba, huko ulikotoka ni mbali?"

Shemeji alisugua. Povu lilikuwa la waridi.

"Mama mdogo," mtoto aligeuka, "ni mbali?"

"Panda hapo kwenye ngazi," Dada Usafi alimwambia. "Umeona bati la bluu?"